Ng'ombe Walitangulia

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa kiberiti. Si wa sigara, sigara hajawahi kushika. Akikaa mezani anachukua kiberiti changu cha jikoni, anakilaza mbele, anakizungusha kulia, anakitazama weee, halafu anakirudisha kilivyokuwa na kuanza upya, safari hii kulia kwanza ndipo mbele. Mimi nimesimama na sufuria mkononi nasubiri kuwasha jiko. Nilikuwa namwambiaga, Baba Lilian, hicho kiberiti kina kazi yake, na wala hanisikii.

Jina lake Bonifasi Keraryo, mwalimu wa fizikia kwenye sekondari moja hapa Musoma. Tunakaa Bweri. Mimi ni Dorah, mtu wa Mugango, binti wa wavuvi, nauza samaki sokoni, na mdomo wangu wanaujua wote wanaonunua sato kwangu na kutaka kupunguziwa mara tatu. Namsimulia huyu mwanaume kwa sababu mjini wamekwisha kumsimulia vibaya. Wengine wanasema elimu ilimpanda kichwani. Wengine wanasema alimuuza dada yake mara mbili. Huyo wa pili nikimjua nitamfuata mpaka kwake.

Elimu anayo kweli, hilo sibishi. Alikuwa anasomea udaktari, ule wa vitabu si wa sindano, huku anafundisha, msimamizi wake yuko Dar es Salaam, wanaonana kwenye kompyuta. Kitu alichokuwa anakisomea kinaitwa chaji ya kati. Niliposikia mara ya kwanza nikamwambia kama ni chaji nenda kwa fundi simu pale stendi, atakufundisha kwa soda moja. Alicheka, halafu akaniketisha anieleze. Huyu mtu hawezi kukuacha hujaelewa, ndiyo maana watoto shuleni wanampenda.

Alianza na ulinganifu. Alisema ulinganifu ni pale unapokigeuza kitu, na mtu aliyekuwa amefumba macho, akifumbua, hawezi kujua umekigusa. Sahani ya duara ukiizungusha, nani atajua? Hata sheria za dunia ziko hivyo, jaribio ukilifanya leo Musoma au kesho Bunda, jibu ni lile lile. Halafu akaleta kiberiti chake. Geuza mbele, kisha kulia. Haya, rudisha, sasa anza kulia, kisha mbele. Kikalala tofauti kabisa, nikaona kwa macho yangu. Akasema kuna mambo ukianza na lolote ni sawa, na kuna mambo ukianza vibaya hufiki ulikotaka kwenda.

Kazi yake yenyewe ilikuwa ndani zaidi. Alisema kuna migeuzo ambayo ukiifanya kisha ukairudisha kwa zamu, huu na huu, kila kitu kinarudi mahali pake, unapangusa mikono, umemaliza. Kwa vitu vikubwa ni kweli umemaliza. Lakini ukishuka kwenye vitu vidogo kuliko vumbi la unga unakuta kuna kilichobaki. Ni namba tupu. Haigombani na mgeuzo wowote, ipindue dunia utakavyo, yenyewe imekaa katikati vile vile. Hiyo ndiyo chaji ya kati. Nikamuuliza, na madhara yake? Akasema inaweza kuangusha nadharia nzima, kwa sababu ulinganifu ulioutegemea unakuta haukuwa kamili tangu mwanzo. Sikupenda alivyolisema. Alilisema taratibu, kama anamtaja marehemu.

Sasa, Bonifasi asingefika huko bila ng'ombe za Wegesa.

Wegesa ni dada yake, mkubwa wake, mtoto pekee mwingine wa mama yao. Kwao ni Butiama, ndani ndani huko, boma la minyaa na mawe. Bonifasi alipofaulu kidato cha nne baba yao hakuwa na kitu, na Wegesa alikuwa amechumbiwa na Bernado, kijana wa upande wa Buhemba, mtu wa maduara, yale mashimo ya dhahabu. Ng'ombe wakaja. Kwao kawaida ni kwamba ng'ombe za dada zinamwoza kaka. Wegesa alikataa. Alimwambia baba yao, ng'ombe zangu zisimwoze huyu, zimsomeshe, mke atajitafutia mwenyewe. Basi mmoja akawa ada, mwingine godoro na nauli, mwingine vitabu, mpaka zizi likabaki na samadi. Ndiyo maana mimi nililetwa kwa mbuzi wawili na ahadi, lakini hilo tuliache.

Bernado dhahabu ikitoka alikuwa mtu. Ananunulia kijiji kizima soda, anampandisha mkewe pikipiki mpya. Dhahabu isipotoka, mkono wake unatafuta pa kutua. Na Wegesa hakujaliwa mtoto. Alimficha kaka yake kwa miaka, anasema ameanguka kisimani, ameanguka jikoni. Mtu gani anaanguka hivyo kila msimu? Mwaka jana akaja Musoma kutibiwa jicho, akalala kwetu, na jicho lenyewe lilikuwa limefumba kabisa. Bonifasi akamwambia, leo dada hudanganyi.

Akasema yote. Na jamani, alikuwa anasema anacheka. Alisema baba mkwe wake, Mzee Apolinary, ndiye anayemwokoaga. Bernado akianza, mzee anatoka kwake na fimbo, anagonga mlango na kusema kwa sauti ya kawaida tu:

“Bernado, ng'ombe zangu zimo ndani ya huyo. Ukimuua, umeniulia ng'ombe.”

Bernado akisikia hivyo anaacha, anakwenda kulala. Wegesa akaiga na sauti ya mzee ilivyo, Lilian wetu akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia wifi, wewe hurudi huko, hapa kuna kitanda na kuna ugali, polisi tutakwenda wote kesho. Akatikisa kichwa. Bonifasi naye akamsihi mpaka machozi. Ndipo Wegesa alipoacha kucheka.

“Sitoki kwa watu wakati ng'ombe zao ziko kichwani mwako,” alimwambia. “Warudishie kwanza. Sitaki mtu akuite mwizi mbele ya wanafunzi wako.”

Akarudi. Damu nzito, wanasema, na mimi nikaongeza kwamba nyingine ni nzito mpaka inamlemea mwenyewe. Tangu siku ile Bonifasi alikuwa na mawazo mawili tu, tasnifu yake na ng'ombe za Wegesa. Kiwanja chetu cha kule juu, ambacho tungejenga, akakiuza. Sikubisha. Ningebisha nini, na mimi nimeliona lile jicho?

Ng'ombe tulikwenda kununua mnadani Bunda. Wenzake walikuwa wanaangalia meno na kwato, yeye alikuwa anaangalia rangi. Alitaka wafanane na wale wa kwanza kama alivyowakumbuka alipokuwa anawachunga, mwekundu, mweusi wa paji jeupe, yule wa madoa, na pembe ziinamie upande ule ule. Wauzaji walimcheka, wakampandishia bei kwa kumwona hajui. Nilimwambia, Baba Lilian, ng'ombe ni ng'ombe. Akasema hapana, anataka mzee akiwaona asiweze kujua kama waliwahi kutoka zizini kwake. Ulinganifu wake huo. Nilimwona anafurahi, na nikamwacha afurahi.

Tatizo likawa siku. Chuo kilimpangia kutetea tasnifu yake Ijumaa, kwenye kompyuta, pale pale ofisini shuleni. Ng'ombe walikuwa wamewekwa kwa mtu Bunda, kila siku wanakula na kulipiwa. Masanja, mwenye lori, alikuwa anakwenda Buhemba Alhamisi. Bonifasi akaamua ng'ombe watangulie na Masanja, Ijumaa atetee, Jumamosi twende na gari kumchukua dada. Nilimuuliza kwa nini tusimpigie Baba Mdogo Enos, mdogo wa baba yao, ndiye mkubwa wa ukoo tangu marehemu baba mkwe alipotutoka. Akasema Baba Mdogo atataka vikao na pombe mpaka mvua zinyeshe, na jicho la pili la dada litakuwa limekwenda.

“Huku ng'ombe, huku dada,” alisema. “Kikihama hiki, na kile kinahama. Uanze na kipi, ni sawa tu.”

Akampigia Wegesa, simu akaiweka tusikie wote. Wegesa akasema ameshafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, anasubiri. Sauti yake ilikuwa ya msichana. Akamuuliza Lilian atamletea nini kutoka Buhemba, Lilian akasema karanga.

Mimi siyo mtu wa ndoto wala wa kusikia bundi. Lakini asubuhi ya Alhamisi, katikati ya kupara samaki, nikamwachia mwenzangu kisu.

Masanja alipiga simu mchana. Alisema ng'ombe wamefika salama. Mzee Apolinary alikuwa nyumbani, Bernado yuko machimboni. Mzee aliwapitia mmoja mmoja, akawashika pembe, akawafungua midomo, akasema wametimia. Halafu akauliza mtu wao anachukuliwa lini. Masanja akasema Jumamosi. Mzee akawatazama tena wale ng'ombe, akawaita vijana wake wawafungie zizini. Masanja alimwona Wegesa mlangoni kwake, akampungia mkono, na Wegesa akampungia. Bonifasi alifurahi kama amepewa mtoto wa pili. Jioni akampigia dada yake, simu haipatikani. Akasema umeme wa huko unajulikana.

Ijumaa nilimpelekea chai shuleni, nikaambiwa nikae nje ya ofisi kwenye benchi. Dirisha lilikuwa wazi. Sikuelewa mengi, lakini mume wangu nilimsikia vizuri, hakutetemeka hata kidogo. Kulikuwa na mzee mmoja ndani ya ile kompyuta, sauti yake kavu, akamuuliza kwa Kiingereza, na Bonifasi baadaye akanitafsiria. Alimuuliza kama hilo baki analolisema ni la kweli, au ni kosa la namna alivyoanza kuhesabu, pengine akianzia kwingine litatoweka.

“Unaweza kulisogeza,” Bonifasi alimjibu. “Kulifuta huwezi.”

Walimpitisha. Walimu wenzake wakaja wakamkumbatia, mkuu wa shule akamwita daktari mbele ya wahudumu wa jikoni, na mimi, nasema ukweli, nililia pale kwenye benchi kama mtu aliyefiwa. Simu yake alikuwa ameizima tangu asubuhi. Kitu cha kwanza alipoiwasha alimpigia Wegesa ampe habari, maana udaktari ule ulikuwa wake. Haipatikani. Akapiga tena. Walimu wanacheka na kugongana bega, na yeye amesimama katikati yao na simu sikioni, uso unabadilika polepole. Nilimwambia twende leo leo. Tukatafuta gari, dereva akasema breki haziko sawa, atakuwa tayari kesho alfajiri. Wa pili alikuwa msibani Tarime. Tulilala hatukulala.

Jumamosi tulifika Buhemba jua halijawa kali. Boma lilikuwa limefagiwa. Kuku wako kimya, watoto hawaonekani. Mzee Apolinary alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya zizi, na ng'ombe wetu wote wako humo ndani wanacheua. Nilimwamkia, shikamoo baba, akaitikia marahaba vizuri tu. Bonifasi alimwamkia, akaitikia. Hakutukaribisha kukaa. Bonifasi akasema tumekuja kumchukua dada, kama tulivyotuma.

“Ng'ombe wenu tumewapokea wote,” mzee akasema. “Hapa hatuna mtu wenu.”

Bonifasi akadhani hakusikia vizuri, akasema Wegesa, mke wa Bernado. Mzee akasema Bernado hana mke hapa. Alisema kwa upole, ndicho kilichoniogopesha, hakuwa na hasira hata chembe. Nikaenda mwenyewe mpaka nyumba ya Wegesa. Mlango umefungwa kwa kufuli jipya. Chini, kwenye kizingiti, palikuwa pamemwagiwa majivu na kufagiwa, na majivu yalikuwa yameganda.

Tulirudi garini. Tulipofika kwenye makutano mwanamke akatokea kwenye mtama akiwa na jembe, akainama kama anafunga kanga, akatuashiria tusimame. Ni Yuliana, mke wa mdogo wake Bernado. Aliongea haraka na anaangalia nyuma. Alisema Bernado alirudi Alhamisi jioni, akawakuta ng'ombe, akauliza, akaambiwa. Akaingia kwa Wegesa, akafunga. Kelele zikaanza. Mzee Apolinary alikuwa amekaa pale pale kando ya zizi na fimbo yake magotini, na watu wote bomani wakamwangalia yeye, maana ndiye anayenyanyukaga. Hakunyanyuka. Yuliana akataka kwenda, mume wake akamshika mkono, akamwambia huyo si mke wetu tena, anagombana na mtu asiye na kwao hapa, kaa.

Wegesa aliita jina la mzee. Yuliana alisema hilo halafu akafunga mdomo kwa kiganja, ikabidi tumsubiri. Aliita baba, baba, mpaka akaacha.

Ilipotulia, Yuliana na mwanamke mwingine walimbeba mpaka barabarani, wakampakia kwenye bajaji ya mtu, akapelekwa Musoma hospitali. Bernado aliondoka na pikipiki kuelekea machimboni. Yuliana hakuwa na namba yetu.

Musoma. Pale pale tulipotoka. Sijui dereva alivyoendesha. Tulimkuta, lakini tulimkuta mochwari. Alifika usiku wa Alhamisi na akafa Ijumaa mchana, wakati mimi niko kwenye benchi na chai yangu. Muuguzi aliyekuwa naye, Agness, alitueleza vizuri, Mungu ambariki. Walimuuliza mume wake ni nani waandike, akasema hana mume. Wakauliza ndugu. Akasema ana kaka, ni mwalimu. Mwalimu wa wapi, akawa hawezi tena. Agness alimwambia Bonifasi kwamba alilisema hilo la kaka kama mtu anayejivuna.

Mume wangu hakulia. Ningetaka alie. Tulimpigia Baba Mdogo Enos, akaja na basi, amevaa koti la msibani, hajanywa. Alipokwisha kusikiliza alikaa chini kwenye sakafu ya sebule yangu.

“Mtu kwanza,” alisema. “Unamtoa mtu wako kwa kisingizio cha ugonjwa, cha msiba, analala kwenu. Ndipo wao wanakuja wenyewe kudai ng'ombe, mnakaa, mnahesabiana. Ng'ombe akirudi mtu wako akiwa bado ndani, umemvua nguo mbele za watu.”

Kila mtu kwenye ukoo ule alikuwa analijua, kuanzia wazee mpaka wachunga mbuzi. Bonifasi hakulijua kwa sababu miaka ambayo wenzake walikuwa wanakaa na wazee na kuyasikia, yeye alikuwa bwenini anasoma, kwa ng'ombe za Wegesa. Nilimkasirikia Baba Mdogo kwa kulijua. Nilimkasirikia hata marehemu kwa kukataa kubaki kwetu. Hasira ikikosa pa kukaa inakaa popote.

Tulikwenda kuzika Butiama. Polisi walikuwa wameshachukua maelezo ya Yuliana, na Bernado anatafutwa. Hilo la Yuliana kusema lilikuwa limeshafika kila mahali, na mume wake alikuwa amemrudisha kwao na ndoo moja ya nguo. Baba Mdogo alionyesha mahali pa kaburi. Kwao binti ambaye ng'ombe zake zimerudi hana nafasi ndani ya boma, anazikwa nje, nyuma ya minyaa. Vijana wakachimba hapo. Katekista alikuwa ameshafika, kwaya imeanza kuimba, jeneza liko chini ya turubai.

Ndipo tulipoona vumbi barabarani.

Walikuwa ni Mzee Apolinary na watoto wake wawili wa kiume, kwa miguu, na mbele yao ng'ombe. Ng'ombe wale wale, mwekundu, mweusi wa paji jeupe, wa madoa. Wamewaswaga kutoka Buhemba. Kwaya ilinyamaza yenyewe, sauti moja moja. Mzee alivua kofia, akasimama nje ya lango la boma na kusema amekuja kuzika mke wa mtoto wake. Alisema siku ile palikuwa na haraka, ng'ombe walipokelewa bila kikao, na jambo lisilo na kikao halijafanyika. Kwa hiyo anawarudisha. Wakiingia zizini, Wegesa ni mkewe Bernado kama alivyokuwa, watamchukua wakamzike kwao kwa heshima, na yaliyotokea yametokea baina ya mtu na mke wake, wazee watakaa na kuyamaliza. Hakuna mtoto wa mtu atakayehitajika kusimama mahakamani.

Aliyasema mbele ya watu wote. Wazee walikuwa wanaitikia kwa vichwa kwamba ni maneno ya busara. Baba Mdogo Enos alimvuta Bonifasi pembeni, nami nikajisogeza. Alimwambia apokee. Alimwambia wale wana watoto wa kiume wengi na wewe huna hata mmoja, damu ikifunguliwa hapa itapita mpaka kwa Lilian. Hakuwa mtu mbaya.

Bonifasi alinigeukia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia usoni tangu mochwari.

“Mama Lilian, unaona wanachofanya? Ng'ombe walikwenda, ng'ombe wamerudi. Kila kitu mahali pake, kama hakuna kilichotokea.” Akalitazama jeneza. “Na yule?”

Nilimwambia fanya unalotaka kufanya, mimi niko nyuma yako. Sikujua anataka kufanya nini.

Alivua koti. Akaenda kule nyuma ya minyaa, akachukua sururu kwa kijana mmoja, akarudi nayo mpaka kwenye lango la boma, katikati kabisa, pale ng'ombe wanapopita, akaanza kuchimba. Alichimba vibaya, mikono ya chaki ile. Watu hawakuelewa mara moja. Wazee ndio waliotangulia kuelewa, nikasikia mmoja anaita jina la Mungu. Kwao ng'ombe wa mahari hawaingii kwa pengo wala kwa nyuma, wanaingia langoni. Na kwao ng'ombe hapitishwi juu ya kaburi la mtu wa nyumba ile, leo wala milele. Baba Mdogo alikwenda akamshika mkono. Bonifasi aliuondoa mkono wa baba yake mdogo taratibu, kama unavyouondoa wa mtoto aliyelala, akaendelea. Mwalimu mwenzake mmoja, Fred, akachukua jembe akaingia naye shimoni. Halafu wakaja wengine.

Mzee Apolinary alisimama ng'ambo ya shimo muda wote huo, ng'ombe wanapumua nyuma yake. Lilipokuwa limefika kiunoni aliongea, na alimwuliza Bonifasi kwa ile ile sauti yake ya upole.

“Una binti, mwalimu?”

“Ninaye.”

“Ng'ombe zake zitapita wapi?”

“Hazitapita,” Bonifasi akasema.

Mzee akamtafuta Lilian kwa macho, akampata, alikuwa amesimama kando yangu na sare yake ya shule kwa sababu hakuwa na gauni jeusi. Akamwangalia kwa kituo, kichwa mpaka miguu. Akavaa kofia yake. Akawaambia watoto wake wawaache wale ng'ombe hapo hapo walipo, wakaondoka wote watatu kwa miguu walikotoka, hawakugeuka. Tulimzika Wegesa langoni na ng'ombe wake wanalia nje ya uzio.

Bernado hajapatikana mpaka leo. Wapo wanaosema yuko Geita, wapo wanaosema wamemwona hapa hapa Musoma kwenye pikipiki. Lilian nampeleka shule mwenyewe, na kumrudisha namrudisha mwenyewe.